Gari la zamani, fundi, na mtoto mwenye homa saa nane usiku

SEHEMU YA 1

Tumeongea sana habari za homa, maji na kunyonyesha, leo naomba nitoke kidogo barabara kuu. Tangu ile posti ya kumwahisha mtoto hospitali, meseji zinazoingia kwangu nyingi zinafanana: "Nesi, gari tunalo ila ni bovu, kila mwezi linadai laki. Tutengeneze au tuuze tupande bajaji?"

Mimi si fundi. Mimi ni nesi wa diploma, mama wa watoto wawili hapa Morogoro, na nina Toyota IST namba C ambayo nyumbani tunaiita Bibi. Bibi ana miaka mingi kuliko mtoto wangu mkubwa. Taa moja ya nyuma ina ufa, kiyoyozi kilikufa mwaka juzi hatujakifufua, na mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu, kwa hiyo mume wangu akipanda lazima asubiri kushushwa kama mheshimiwa.

Ila Bibi kwetu si anasa. Mtoto wangu mdogo ana selimundu. Wenye watoto wa selimundu mnajua usiku unavyokuwa. Mtoto amelala salama, saa nane anaamka analia miguu, unapima joto unakuta limepita 38.5, na hapo hakuna habari ya kusubiri asubuhi, homa ya namna hiyo kwa mtoto wa selimundu ni dharura. Sasa mchukue mtoto huyo umpandishe bodaboda mwezi wa saba na baridi ya huku kwetu inayoshuka kutoka Uluguru. Baridi yenyewe ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu. Utafika hospitali na mtoto aliyezidiwa kuliko alivyokuwa kitandani. Kwa hiyo kwangu gari likisimama, hesabu inayoanza kichwani ni ya usiku nitakaohitaji usafiri nisiupate. Ya ofisini nitafikaje haiko hata karibu.

Ndiyo maana fundi aliponiambia "mama, gia boksi imekufa, andaa milioni moja na laki tisa," sikulala. Mwezi ule ule ada ilikuwa inadaiwa na dawa za mtoto zilikuwa zimebaki za wiki moja.

SEHEMU YA 2

Nianze na hiyo gia boksi maana wengi ndipo mnapoliwa.

Bibi alikuwa anashtuka. Ukitoka kwenye taa, gia ya kwanza kwenda ya pili anapiga kichwa mbele kama mtu aliyesinzia kanisani. Kwenye mlima injini inalia lakini gari haliendi. Gereji ya kwanza walilizungusha mtaani mara moja, wakarudi, wakatoa hukumu. Gia boksi imekwisha, inatakiwa ya mtumba kutoka Japani, na hela ya ufundi juu.

Nikamuuliza, "Fundi, umepimaje?"

Akasema, "Mama, hii kazi tumeifanya miaka kumi. Tunasikia tu."

Jamani, wodini kwetu hatumwongezei mtu damu kwa sababu tumemwona amepauka. Tunapima wingi wa damu, tunapima kundi, tunalinganisha damu yake na ile ya chupa, ndipo tunatundika. Na damu ni bure kuliko gia boksi! Nikamwambia asante, nikaondoa gari langu kwa heshima. Hakufurahi. Akanifuata hadi dirishani, "Sista, likizimikia njiani usije kulalamika."

Mwenzangu wa zamu akanielekeza kwa mzee mmoja ana gereji chini ya mwembe, anashughulika na gia tu. Nikafika, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, gari linasemaje?" Nikapenda hilo swali. Linasemaje! Ndivyo na sisi tunavyoanza. Akauliza limeanza lini, linafanya likiwa la baridi au likishapata moto, mara ya mwisho haidroliki ilibadilishwa lini. Hiyo ya mwisho sikuwa na jibu kwa sababu gari tulilinunua kwa mtu, na kadi ya matengenezo aliyotupa ilikuwa haina kitu.

Akafungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia oili ya gia, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha. Oili ya gia ikiwa mpya ni nyekundu kama sharubati ya rosella. Yetu ilikuwa kahawia, inanuka kuungua, na kijiti kimelowa kwenye ncha tu. Akaingia chini ya gari na tochi ya simu akaniita nione: sili ya drafshafti upande wa dereva inavuja, oili imetapakaa hadi kwenye chuma cha chini. Kumbe Bibi alikuwa anatokwa damu pole pole miezi yote hiyo, halafu anaambiwa akatwe mguu.

Akabadilisha sili. Akamwaga haidroliki akaweka mpya ya aina inayotakiwa na gari lile, T-IV, akaniambia niendeshe wiki mbili nirudi amwage tena aweke nyingine, kwa sababu ukimwaga mara moja nyingine inabaki ndani. Gharama zote kwa awamu mbili, pamoja na soda niliyomnunulia kijana wake, 285,000.

Sasa msikilize alichosema, maana hapa ndipo nilimwamini kabisa: "Mwanangu, hii haijapona. Imepata nafuu. Ilifanya kazi bila oili ya kutosha muda mrefu, ndani kuna vilivyolika. Inaweza kukupa mwaka, inaweza kukupa mitatu. Anza kuweka hela kidogo kidogo."

Mpaka leo asubuhi za baridi Bibi anashtuka kidogo, akishapata joto anatulia. Ni mwaka na miezi minne sasa.

Jambo dogo kabla sijahama hapa. Kama gari lenu ni la CVT, ile isiyo na hatua za gia, oili yake ni tofauti kabisa. Ukiwekewa haidroliki ya kawaida kwa sababu "zote ni za gia tu mama", umeiua kweli. Ulizeni, someni kwenye kopo, mpige picha kopo lenyewe.

SEHEMU YA 3

Wengi mmeniuliza mnajuaje kipi kitengenezwe kwanza kama fundi amewapa orodha ya vitu tisa na mfukoni kuna laki mbili.

Mapokezi ya dharura hatumhudumii aliyewahi kufika, tunamhudumia anayeweza kufa kwanza. Mimi orodha ya fundi naisoma hivyo hivyo. Breki, tairi, usukani na vinavyoushika, yaani boljointi na tairodi, hivyo havisubiri mshahara. Boljointi ikichomoka tairi linalala upande ukiwa mwendoni, na kiti cha nyuma kuna watoto. Nikiwa sina hela ya breki gari halitoki, basi, tunapanda daladala. Kiyoyozi, bampa, redio, rangi, hivyo ni wagonjwa wa kliniki, watapewa tarehe.

Tairi niseme kidogo maana tunanunua sana za mtumba. Tafuteni ubavuni namba nne zilizokaa pamoja. Ukikuta 2316, limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri, linang'aa kwa dawa waliyolipaka, kumbe limezeeka mpira umekakamaa. Mkilikunja ubavu mkaona nyufa ndogo ndogo kama kisigino kisichopakwa mafuta, liacheni.

Kuna kitu kimoja mafundi huwa wanakiweka mwisho kabisa wa orodha na mimi nimekitoa huko nikakiweka juu: ekzosi iliyotoboka. Wao wanaona ni kelele tu. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoshika. Bomba likitoboka chini ya sakafu na sakafu nayo ina kutu, gesi inapanda ndani. Mkisafiri mmefunga vioo kwa sababu ya mvua, watoto wanaanza kulalamika kichwa, kichefuchefu, wanasinzia kuliko kawaida, na wewe mwenyewe kichwa kizito, msidhani ni safari tu. Simameni, fungueni milango, shukeni wote mpate hewa, mwende kituo cha afya. Mtoto anaanza kuathirika kabla ya mtu mzima. Mwenye mimba naye awe makini zaidi kwa sababu ya aliye tumboni. Kuchomelea bomba ni hela ndogo ukilinganisha na vitu vingi kwenye ile orodha.

Na msiwashe gari likanguruma ndani ya banda au uani palipozibwa eti mnapasha injini moto huku mnapakia watoto.

SEHEMU YA 4

Rejeta. Hapa ninayo mengi, vumilieni.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, joto la Moro mnalijua, tulikuwa tunatoka Bigwa jioni na mdogo yuko nyuma ameanza maumivu, anasema "mama mgongo". Taa nyekundu ya joto ikawaka. Mume wangu, Baba Asha, akasema tujikaze tu, hospitali si mbali. Nikamwambia simama. Tukabishana hapo kama sekunde kumi hivi, akasimama, akazima. Nikapiga simu kwa bajaji ninayemfahamu, nikamfunika mtoto kwa kanga mbili na sweta la baba yake, tukaondoka. Bibi akabaki na mwenye mali.

Nilisimamisha kwa sababu mzee wa gia alishanieleza. Gari likichemsha ukaendelea, hata kilomita chache, hedi ya injini inapinda na gasketi yake inaungua. Hapo sasa ni kufungua injini, kupeleka hedi kwa mtu wa mashine ikasawazishwe, gasketi mpya, oili mpya, na mara nyingine haikai sawa tena. Mkitaka kujua kama imeshafika huko, tazameni haya: moshi mweupe mzito unaotoka hata injini ikiwa na joto, maji yanapungua na hamwoni yanakovuja, na kwenye kifuniko cha oili mnakuta kitu kama chai ya maziwa iliyoganda. Oili na maji vimekutana.

Yetu haikufika. Rejeta ilikuwa imepasuka ile sehemu ya juu ya plastiki, plastiki inazeeka inakuwa kama kaukau. Rejeta mpya, kulanti na ufundi vilikula 260,000.

Fundi wa siku ile, mwingine kabisa, aliyetukuta barabarani, alitaka kutufanyia rahisi: "Dada tunatoa thermostati, huku kwetu kuna joto haina kazi, halafu unaweka maji ya bomba tu." Nikakataa. Thermostati inaisaidia injini ifike kwenye joto lake na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa ya baridi kuliko inavyotakiwa, inakunywa mafuta, inalika. Na maji ya bomba yanaleta kutu ndani mpaka njia zinaziba. Unaokoa elfu ishirini leo.

Sasa haya mawili ndiyo hasa yaliyonifanya niandike kama nesi.

La kwanza. Gari likichemsha, mfuniko wa rejeta usiguswe. Maji mle ndani yamebanwa, yana joto kupita yale ya sufuriani, ukifungua yanaruka usoni. Nimewahudumia walioungua hivyo, na mara nyingi aliyesimama karibu anachungulia ni mtoto. Subirini injini ipoe kabisa, nusu saa ni kidogo. Na mtu akiungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini. Ishirini kweli, angalieni saa. Toeni nguo na bangili kama hazijanata kwenye ngozi. Dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana, na oili ya injini, naomba jamani, hapana. Kisha hospitali.

La pili. Kulanti nyingi zina sumu na ladha yake ni tamu. Tamu! Ina rangi nzuri ya kijani au pinki. Fundi akikubakishia nusu lita akakuwekea kwenye chupa ya soda, na wewe ukaiweka chini ya kiti au jikoni nyuma ya mlango, umeandaa msiba. Inaharibu figo na ubongo, na mwanzoni mtoto anaonekana kama amelewa tu. Ibaki kwenye kopo lake, juu, pamefungwa. Petroli na dizeli hivyo hivyo. Mtoto akinywa chochote kati ya hivi msimtapishe, msimpe maziwa kwanza ndiyo mwondoke. Ondokeni naye mara moja na mbebe na kopo tulione.

SEHEMU YA 5

Hela. Najua ndiko mnakongoja.

Mwaka jana nilikuwa na daftari. Kila kilichoingia kwa Bibi niliandika, nikaacha mafuta pembeni. Gia 285,000. Rejeta 260,000. Breki za mbele na diski 190,000. Betri 210,000. Shokapu mbili za nyuma za mtumba 140,000. Vidogo vidogo, plagi, oili, taa, kuziba pancha, 320,000 hivi. Jumla 1,405,000. Dalali alikuja akalizunguka akapiga tairi teke, akasema milioni saba anatupatia.

Shemeji yangu akasema tuuze. Si hoja ya kijinga, tuliiwaza wiki nzima. Lakini milioni saba mkononi hapa mjini hununui gari bora kuliko Bibi, unanunua Bibi wa mtu mwingine ambaye historia yake huijui. La kuagiza Japani, ukijumlisha meli, ushuru na ile kodi ya uchakavu, ni hela ambayo tungelazimika kuikopa. Na mkopo una rejesho kila mwezi hata mwezi ambao gari halijaharibika. Nikigawa 1,405,000 kwa kumi na mbili napata kama 117,000 kwa mwezi. Nyumba yangu inaweza kuibeba, kwa shida, ila inaibeba. Ndiyo maana Bibi bado yupo.

Kama hesabu yenu inatoka tofauti, matengenezo ya mwaka yanakaribia nusu ya bei ya gari, au body limeliwa na kutu pale kwenye nguzo, au injini na gia vyote vinaumwa kwa pamoja, mimi ningeuza. Nisingeona aibu.

Ile ya kausha damu mnaijua, wale wanakupa laki tano ndani ya saa moja kisha wanachukua kadi ya benki au televisheni. Gereji nyingine wana namba za hao watu kabisa. Kataeni. Mimi gia niliilipia kwa mchezo wetu wa wodini, niliomba kubadilishana zamu ya kupokea na dada mmoja, akakubali. Kikoba nacho ni kizuri kwa hili kama mna akiba ndani. Na waume zenu wasiwadanganye kwamba bima italipa. Bima ndogo wala bima kubwa hailipii gari kwa sababu limezeeka, hulipia ajali.

Sasa nina kibubu cha gia boksi. Elfu arobaini kila mshahara ukiingia, kabla sijanunua hata nyanya. Kimefika 640,000. Mzee akija kuniambia muda umefika, Baba Asha atapanda treni ya SGR asubuhi aende Kariakoo, Gerezani, na orodha mkononi: namba ya injini yetu, picha ya kibandiko cha gari, na sharti kwamba muuzaji aandike kwenye risiti siku ngapi za kurudisha ikigoma. Bila maandishi hanunui. Na ile ya zamani inarudi nyumbani kwetu, hata kama ni chuma chakavu. Spea yoyote ikibadilishwa ombeni ya zamani mkononi, hata kama hamjui kuisoma. Fundi akijua utaiomba anaibadilisha kweli.

Wanaume watatukasirikia kwa hili, lakini nasema: mama akienda gereji mwenyewe bei inapanda. Nimejaribu, nikapiga simu mimi nikaambiwa 230,000, akapiga mdogo wangu wa kiume kitu kile kile 170,000. Kwa hiyo siku hizi naulizia bei ya spea dukani kwanza, kisha fundi ananiambia ya ufundi peke yake. Nikishavitenganisha hivyo viwili mazungumzo yanakuwa mafupi.

Jumamosi hii Bibi anaenda chini ya mwembe, ile raba ya drafshafti upande wa pili nimeona imeanza kupasuka, na nataka ishughulikiwe kabla grisi haijaisha yote. Mzee amesema nije saa moja asubuhi na nisile, mke wake anapika vitumbua.

Walioniuliza kiti cha mtoto cha kwenye gari, miezi mingapi kinageuzwa, na kama cha mtumba kinafaa, nitawajibu Jumapili nikitoka zamu ya usiku. Niandikieni umri na uzito wa mtoto.